Jani la Mmea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi, wakulima wa bustani na hata wapishi huuliza zaidi kuhusu majani. Mifano ni ya mimea inayopatikana uani, shambani na sokoni. Ukiwa na jani mkononi utaelewa upesi zaidi, basi chuma moja la mwembe, la mhindi au la mchicha kabla hujaendelea.

Jani lina sehemu gani?

Jani la kawaida lina bapa, yaani ile sehemu pana. Kikonyo kinacholishikiza kwenye tawi. Na mishipa inayosambaa ndani ya bapa kutoka kwenye uti wa katikati. Si kila jani lina kikonyo. La mhindi, la mpunga na la muwa huanza na ala inayolizunguka shina, kisha bapa ndipo linapojitenga.

Mishipa ina mipangilio miwili mikuu. Kwenye mwembe, mchicha na mpapai imesukana kama wavu. Kwenye mhindi na mpunga inakwenda sambamba kutoka kitakoni hadi nchani, na kwenye mgomba inakwenda sambamba kutoka utini hadi ukingoni. Ndiyo maana jani la mgomba likipigwa na upepo huchanika kwa mistari iliyonyooka. Mchaniko huo hauliui jani, kwa kuwa kila mshipa unaendelea kufanya kazi yake, na upepo hupita bila kuung'oa mgomba.

Nitajuaje kama ninaloshika ni jani zima au kipande cha jani?

Tazama pembe kati ya kikonyo na tawi. Palipo na jani zima, kwenye pembe hiyo pana kichipukizi, hata kiwe kidogo kama kichwa cha pini. Kipande cha jani ambatani (jani moja lililogawanyika vipande), yaani kijijani, hakina kichipukizi kitakoni. Kwa kipimo hiki, zile "jani" nyingi ndogo za mwarobaini, mlonge na mkwaju ni vijijani vya jani moja.

Watu wengi hukosea kwenye muhogo. Vidole vyake vinaonekana vimetengana, lakini vimeungana katikati, hivyo jani la muhogo ni jani sahili, yaani lisilogawanyika vijijani, ila limekatika sana. Lile la mbuyu, linalofanana nalo kwa mbali, ni ambatani: kila kidole kinaweza kung'olewa peke yake bila kuchana kingine.

Ndani ya jani kuna nini?

Jani la kawaida lina unene wa karibu robo ya milimita, lakini ndani yake mna tabaka kadhaa. Juu kabisa pana utando wa nta usiopitisha maji. Chini yake ipo ngozi ya juu, safu moja ya seli angavu zinazoruhusu mwanga kupita. Kisha huja seli ndefu zilizosimama wima na kubanana, zenye kloroplasti kwa makumi. Hapo ndipo sehemu kubwa ya chakula hutengenezwa. Zinafuatiwa na seli zilizokaa ovyoovyo zenye nafasi za hewa katikati yake, halafu ngozi ya chini yenye vitundu vingi viitwavyo stomata.

Mishipa hupita katikati ya haya yote. Kila mshipa una njia mbili: zailemu, inayoleta maji na madini kutoka mizizini, na floemu, inayochukua sukari kuipeleka kwenye mizizi, matunda, mbegu na machipukizi. Ukikata jani kwa upana, zailemu iko upande wa juu na floemu upande wa chini. Vidukari hujua hilo vizuri: wengi wao hukaa chini ya jani na kuchomeka mirija yao kwenye floemu.

Jani hutengenezaje chakula?

Kwa usanisinuru. Klorofili, rangi ya kijani iliyo ndani ya kloroplasti, hunasa mwanga, hasa mwekundu na wa buluu. Wa kijani haunaswi sana, nao ndio unaorudi machoni petu. Nguvu ya mwanga huyavunja maji, na oksijeni inayotolewa hewani hutokana na maji hayo, si na hewa ya ukaa kama wengi wanavyodhani. Kisha hewa ya ukaa iliyoingia kwa stomata huunganishwa kuwa sukari.

Sukari isiyosafirishwa mchana hugeuzwa wanga na kuwekwa ndani ya kloroplasti. Usiku wanga huo huvunjwa na kusafirishwa. Jani lililochumwa saa tisa alasiri lina wanga mwingi kuliko lililochumwa alfajiri, na hili lina umuhimu katika jaribio lililo hapa chini.

Kwa nini stomata nyingi ziko chini ya jani?

Chini kuna kivuli, joto ni pungufu na vumbi haliteremki kuziba. Mwembe na mimea mingi ya miti ina stomata upande wa chini tu. Mhindi, ambao majani yake husimama mshazari, unazo pande zote mbili. Yungiyungi, ambalo jani lake huelea majini, linazo juu tu, kwani chini hakuna hewa ya kuingia.

Kwa kawaida milimita moja ya mraba ina stomata kati ya 100 na 300. Kila kimoja kina seli linzi mbili. Zikijaa maji hupinda na kuacha mwanya. Zikipungukiwa hulegea na mwanya hufungwa. Shida ya mmea iko hapa: mlango unaoingiza hewa ya ukaa ndio huo huo unaotoa mvuke wa maji. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayofyonzwa na mizizi huishia hewani kupitia majani. Si hasara tupu, maana mvutano huo ndio unaopandisha maji hadi kileleni na kulipoza jani. Lakini siku ya ukame mmea hulazimika kuchagua kati ya kula na kubaki na maji.

Naweza kuziona stomata mwenyewe?

Unaweza, ukiwa na hadubini ya shule inayokuza mara 100 hadi 400.

1. Chukua jani laini lisilo na manyoya. La mwembe au la kahawa linafaa. Lifute likauke kabisa.
2. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini, tabaka moja jembamba, eneo la ukucha mmoja.
3. Subiri dakika 10 hadi 15.
4. Bandika selotepu juu yake, bonyeza kwa kidole, kisha bandua polepole. Rangi itatoka na alama za ngozi ya jani.
5. Bandika selotepu kwenye kioo cha hadubini na utazame kwanza kwa ukuzaji mdogo.

Usipoona kitu, mara nyingi sababu ni rangi nene, jani lenye unyevu, au taa kali mno. Punguza mwanga wa hadubini. Alama hizi hazina rangi na huonekana kwa vivuli vyake.

Jaribio la kupima wanga hufanywaje, na kwa nini hushindikana mara kwa mara?

Weka mmea wa chunguni gizani kwa saa 24 hadi 48 ili utumie wanga wake. Funika sehemu ya jani moja kwa karatasi nyeusi pande zote mbili, kisha uutoe juani kwa saa 4 hadi 6. Chuma jani hilo na ufuate hatua hizi:

- Litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Hii huua seli na kulainisha ngozi.
- Zima moto. Weka jani kwenye bilauri ya spiriti, na bilauri hiyo ndani ya sufuria ya maji hayo ya moto. Spiriti huchemka kwa nyuzijoto 78 hivi, kwa hiyo maji ya moto yanatosha. Acha hadi jani liwe jeupe au njano hafifu.
- Lirudishe kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu dakika. Spiriti hulifanya jani likatike kama karatasi kavu.
- Litandaze kwenye sahani nyeupe na udondoshee ayodini iliyozimuliwa, yenye rangi ya chai nyepesi ya rangi. Subiri dakika 2 au 3.

Palipopata mwanga hugeuka buluu iliyokolea hadi nyeusi. Palipofunikwa hubaki kahawia.

Makosa ni yale yale kila muhula. Walioruka hatua ya maji yanayochemka huona madoa tu, kwa sababu ayodini haipenyi. Walioacha klorofili nyingi huona weusi usioeleweka. Wanaotumia ayodini nzito hupata jani zima jeusi. Na kuna wanaochagua mmea usiofaa: jani la kitunguu huhifadhi sukari, si wanga, kwa hiyo haligeuki hata ufanye nini. Tumia maharage au waridi. Kuhusu moto hatuna mjadala: spiriti haiwekwi juu ya jiko lenye mwali, kwani mvuke wake hushika moto na kuunguza uso wa aliyeinama.

Majani yakilegea mchana, nimwagilie?

Usikimbilie ndoo. Majani ya maboga na matembele hulegea saa saba mchana kwa sababu maji yanatoka haraka kuliko mizizi inavyoyaleta, hata udongo ukiwa na unyevu. Yatazame jioni au alfajiri. Yakiwa yamesimama, mmea hauna tatizo. Yakiwa bado yamelegea alfajiri, chimba kidole kizima udongoni. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia. Ukiwa na unyevu na mmea bado umenyauka, tatizo liko mizizini au kwenye shina.

Kwa nyanya, bilinganya na viazi, pima mnyauko wa bakteria hivi: kata kipande cha shina karibu na ardhi chenye urefu wa kidole, kining'inize ncha ikiwa ndani ya glasi ya maji safi. Utomvu mweupe ukishuka kama uzi wa maziwa ndani ya dakika chache, ni bakteria wamejaza zailemu. Mmea huo hauponi. Ung'oe na udongo wake uuchome mbali na shamba.

Matone yaliyo kwenye ncha za majani asubuhi ni umande?

Umande hutanda juu ya jani zima, hata juu ya bati na majani makavu. Matone yaliyojipanga ukingoni tu, kwenye ncha ya jani la mhindi au kwenye meno ya jani la nyanya, yametoka ndani ya mmea. Usiku stomata zimefungwa lakini mizizi inaendelea kusukuma maji, nayo hutokea kwenye vitundu maalumu vya ukingoni. Hayo si maji matupu. Yana chumvi kidogo, na yakikauka huacha unga mweupe.

Kwa nini mahindi hustahimili jua kali kuliko maharage?

Kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali ndani ya seli) kinachonasa hewa ya ukaa, rubisko, kina kasoro: kwenye joto kali hunasa oksijeni kimakosa na kupoteza sehemu ya kazi. Mhindi, mtama, ulezi, muwa na mchicha huepuka hasara hiyo kwa kunasa hewa ya ukaa kwanza kwa kimeng'enya kingine, kisha kuirundika kwenye seli zinazoizunguka mishipa, ambako rubisko huifanyia kazi bila kubabaishwa. Kwa hiyo stomata zao zinaweza kubana kidogo na kazi ikaendelea. Maharage, mpunga na muhogo hawana mfumo huo.

Mkonge na nanasi zina mbinu ya tatu. Hufungua stomata usiku, hutunza hewa ya ukaa kwa sura ya asidi, kisha mchana huitumia milango ikiwa imefungwa. Ndiyo sababu mkonge, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893, ulizoea maeneo makavu ya Tanga na Morogoro bila kumwagiliwa.

Majani yakigeuka njano, tatizo ni nini?

Kabla ya kununua mbolea, jiulize: njano imeanza kwenye majani ya chini au ya juu? Virutubisho vingine huhamishika ndani ya mmea. Vikipungua, mmea huvitoa kwenye majani mazee na kuyapa machanga. Vingine vikishatua havihami, na upungufu wake huonekana kwenye majani machanga kwanza.

Yanayoanzia chini:
- Naitrojeni. Jani zima hupauka. Kwenye mhindi njano huanza nchani na kuingia ndani kufuata uti, ikifanya umbo la V.
- Potasiamu. Kingo za jani huungua kuanzia nchani, katikati pakibaki kijani.
- Magnesiamu. Njano kati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani.
- Fosforasi. Zambarau badala ya njano, hasa kwenye mahindi machanga. Baridi peke yake pia huleta rangi hii, kwa hiyo subiri siku za joto kabla ya kuhukumu.

Yanayoanzia juu: upungufu wa chuma (njano kali kati ya mishipa ya majani machanga, mara nyingi kwenye udongo wenye chokaa), salfa (jani changa zima hupauka), na zinki kwenye mahindi (mistari mipana myeupe kando ya uti, karibu na kitako cha jani).

Halafu kuna njano isiyohusiana na mbolea kabisa. Udongo uliojaa maji hunyima mizizi oksijeni, na majani hugeuka njano kana kwamba yana njaa. Njano yenye mabaka yasiyo na mpangilio na jani lililojikunja kwenye muhogo ni batobato, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe na vipando vyenye ugonjwa. Hapo mbolea haisaidii. Tafuta vipando safi.

Nikinyunyizia mbolea ya majani, ninyunyizie wapi?

Chini ya majani pamoja na juu, asubuhi mapema au jioni. Nta ni nyembamba zaidi upande wa chini, na dawa haikauki haraka. Kwa urea, anza na gramu 100 kwa bomba la lita 20, na usizidishe gramu 200. Ukiongeza kiasi, au ukipuliza saa sita mchana, maji hukauka na chumvi hubaki ikiunguza kingo. Mbolea ya majani ni nyongeza. Haiwezi kubeba mahitaji yote ya naitrojeni ya mahindi.

Kanuni hiyo hiyo ni muhimu kwa kutu ya majani ya kahawa. Kuvu wake huota kwenye tone la maji na kuingia kwa stomata, ndiyo maana unga wa rangi ya chungwa huonekana chini ya jani. Anayepuliza dawa ya shaba juu ya majani tu anaosha vumbi.

Nichume matembele na kisamvu kiasi gani bila kuharibu viazi na mihogo?

Jani changa halimlishi mtu kwenye mmea. Linakula sukari ya wenzake hadi lifikie karibu nusu ya ukubwa wake, ndipo linaanza kusafirisha. Kwa hiyo vichomozo vichache havigharimu sana. Kinachoumiza ni kukwanyua ncha zote mara kwa mara, kwani mmea hutumia akiba kuchipua upya na mizizi hubaki myembamba. Wanaotaka mboga na viazi kwa pamoja wafanye busara ya kutenga matuta ya mboga pembeni.

Kwa mgomba, acha majani mazima yapatayo 8 wakati mkungu unatoka. Yakipungua sana, vidole havijai.

Kwa nini kisamvu lazima kitwangwe?

Jani la muhogo lina linamarini, kiini cha sumu ya sianidi, kilichotengwa na kimeng'enya kinachoivunja. Ukitwanga, seli hupasuka, viwili hivyo hukutana na sianidi hutoka. Sianidi hii hugeuka mvuke kwa joto dogo sana, kwa hiyo chemsha sufuria ikiwa wazi na uiache ichemke vya kutosha. Kisamvu kilichokatwakatwa tu na kupikwa haraka hubaki na sumu nyingi zaidi, kwa sababu joto huua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi.

Majani ya chai yanategemea jambo hilo hilo kwa faida nyingine. Kiwandani majani mawili na kichomozo chake husagwa, seli hupasuka, na vimeng'enya pamoja na oksijeni hugeuza kijani kuwa kahawia. Chai ya kijani hupashwa joto mapema ili hilo lisitokee.

Mboga zangu hupoteza kijani zikiiva. Nifanyeje?

Joto la muda mrefu na asidi huondoa magnesiamu kwenye klorofili, na rangi hugeuka kijani cha kahawia. Pika mchicha kwa dakika chache, funua chungu, na weka nyanya au ndimu mwishoni. Magadi huhifadhi kijani kweli, ila hulainisha mboga kupita kiasi na kuharibu vitamini C. Kidogo sana kinatosha, au acha kabisa.

Kwa nini jani la mgomba hubabuliwa kabla ya kufungia chakula?

Moto huyeyusha nta na kulegeza seli, nalo hupinda bila kupasuka. Lipitishe juu ya makaa, upande wa chini kwanza, hadi rangi ikolee na kung'aa. Sekunde chache kila sehemu. Likifuka moshi umelipitiliza. Toa uti mgumu kabla ya kufunga.

Ni kweli kulala chini ya mti usiku ni hatari kwa sababu ya hewa ya ukaa?

Hapana. Majani hupumua usiku na kutoa hewa ya ukaa, lakini kidogo, na hewa ya nje huisambaza. Mwenzako aliyelala kando yako hutoa nyingi zaidi. Ogopa tawi bovu na nyoka.

Mbona miti mingine hupukutisha majani kiangazi?

Jani bila maji ni mzigo. Mti huvuta naitrojeni kutoka kwenye jani, hujenga tabaka la seli dhaifu chini ya kikonyo na kuziba kovu, kisha jani huanguka. Mbuyu hukaa bila majani kwa miezi mingi. Kuna mti unaofanya kinyume, aina ya mgunga iitwayo Faidherbia albida: hupukutisha mvua zikianza na kubaki na majani kiangazi. Wakulima hupanda mahindi chini yake, kwa sababu mazao yanapohitaji jua mti hauna kivuli.

Je, miiba ya mpungate na vitunguu ni majani?

Ndiyo, vyote viwili. Mwiba wa mpungate ni jani lililopungua. Kazi ya usanisinuru imehamia kwenye shina la kijani. Tabaka za kitunguu ni vitako vya majani vilivyonenepa. "Shina" la mgomba ni ala za majani zilizobanana, na shina halisi liko chini ardhini hadi linapopanda katikati kutoa mkungu. Vile vya rangi kwenye bogenvilia pia ni majani. Ua lenyewe ni kile kijimrija cheupe katikati.

Majani ya mchu pwani yana chumvi. Inatoka wapi?

Mchu, mti unaoota kwenye maji ya bahari ufukweni, hufyonza maji yenye chumvi na kuitoa kupitia tezi zilizoko kwenye majani. Siku ya jua kali utaona fuwele zake, lamba, utaisikia. Mkoko hutumia njia nyingine, huchuja sehemu kubwa ya chumvi kwenye mizizi, na majani yake hayana fuwele hizo.

Nitahifadhije jani ili nilitambue baadaye?

Kata kijitawi chenye majani kadhaa, si jani moja, ili mpangilio wake na vichipukizi vionekane. Kitandaze kati ya magazeti, jani moja ukiligeuza lionyeshe upande wa chini. Weka uzito wa kilo 10 hivi juu yake. Badilisha magazeti kila siku kwa siku nne za kwanza, kisha kila baada ya siku mbili hadi kikauke, kwa kawaida siku 7 hadi 10. Msimu wa mvua huchukua zaidi. Usipobadilisha, kuvu huingia na majani huwa meusi. Andika penseli kwenye kikaratasi: mahali, tarehe, urefu wa mmea, na rangi ya maua ikiwa yapo, kwa sababu rangi hupotea.